Hopsi za Paani na Radhi ya Jirani

Jirani yangu amekwenda Hija mwaka huu. Kabla ya kuondoka alihitaji kitu kimoja kutoka kwangu, nami nikamnyima. Hakikuwa kitu cha kubeba mkononi. Alitaka radhi. Kwao mtu haendi Makka huku nyuma ameacha mwenzake ana kinyongo naye. Huzunguka kwa jamaa, kwa majirani, hata kwa waliogombana naye sokoni, akaomba asamehewe, ndipo afunge sanduku. Kwangu alikuja mara nyingi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Ili ieleweke kwa nini nilikuwa mgumu vile, itabidi nianze na hopsi.

Hopsi ni mmea unaotambaa. Ukiupa kamba unapanda kwa kujizungusha, shina lake lina vinyweleo vinavyokwaruza mkono kama ulimi wa paka, na maua yake ya kijani, yaliyopangana magamba kwa magamba, ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Unapenda nchi ambazo wakati wa baridi ardhi inaganda na wakati wa joto jua linachelewa kuzama. Guangzhou, huku kusini mwa China, haina hata kimoja kati ya hivyo. Baridi ya hapa ni ya kuvaa sweta tu, na ikifika Machi kuta za nyumba hutoka jasho, nguo uliyoianika jana unaikuta imelowa zaidi ya ulivyoiacha. Mwenye akili zake angeagiza hopsi iliyosagwa kwa simu ikamfikia mlangoni. Nilijaribu. Vilikuja vijiti vya kijani vinavyofanana na chakula cha kuku, na harufu yake ilikuwa hiyohiyo. Nikasema sipiki pombe ya mama yangu kwa chakula cha kuku.

Mama alikuwa mpika mbege kwetu Marangu. Kwa asiyeijua mbege: ni ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zichachuke, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ndani ya uji huo hutiwa gome la msesewe, mti mchungu kweli kweli. Bila msesewe hiyo si mbege, ni togwa la watoto. Jumamosi watu walijaa kwenye mabenchi ya uani kwetu, na mama alimjua kila mlevi na kiasi chake. Aliyefika kiasi chake alinyang'anywa kata akaambiwa asalimie mkewe. Ulimi wangu mkali nimeurithi kwake, na sioni sababu ya kuomba msamaha kwa urithi.

Alifariki mwaka juzi, mwezi wa Mei. Mimi nilikuwa hapa, ninaponunua vitambaa soko la Zhongda na kuvituma Dar, ambako mume wangu anaviuza. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini ikisubiri kuongezewa kibali cha kukaa, na niliambiwa kwa upole kabisa kwamba haiwezi kutoka kabla ya siku yake. Nikamzika mama kwenye simu. Mdogo wangu aliishikilia juu ya vichwa vya watu, na mtandao ukakatika kabla jeneza halijashuka. Sijawahi kuonja uchungu kama ule, na mimi nimezaa.

Aliyekuja kukaa nami alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Kipemba. Mumewe anahangaika na makontena huko bandarini Nansha. Yeye hupikia wafanyabiashara nyumbani kwake. Mchana watu wanatoka masoko ya Zhanqian wamebeba mafurushi ya nguo, wanapanda ngazi kufuata pilau na samaki wa kupaka. Siku zile alifunga jiko. Waliokuja na njaa aliwaambia kuna msiba wakatafute tambi za Wachina. Akatandika jamvi chumbani kwangu, akalala hapo, akanilisha uji kwa kijiko nilipokataa kula. Alisoma dua zake, mimi nikaimba nyimbo zangu za Kilutheri, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tangu hapo nilimhesabu dada, na tulitaniana kama ndugu: mimi nikimwita mchawi wa Pemba, yeye akiniita mlevi wa mlimani.

Nilijiwekea nadhiri moyoni kwamba mwaka wa mama ukitimia nitapika mbege yake, kata ya kwanza nitaimwaga chini kama ilivyo desturi, ndipo nami ninywe. Kwetu mzazi hakumbukwi kwa soda. Ndizi Guangzhou zimejaa tele, na ulezi mdogo wangu aliniletea alipokuja kufunga mzigo. Aliniletea na gome la msesewe, lakini uwanja wa ndege wakalichukua. Alijaribu kuwaeleza kwamba ni dawa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Alifika kwangu na ulezi mtupu na macho mekundu.

Wazo la hopsi nililipata kwa muuza vifaa vya kutengenezea bia, nilipokwenda kununua ndoo yenye bomba. Tulizungumza kwa simu yake, yeye akisema Kichina, simu ikitoa Kiingereza cha ajabu. Nilichoelewa ni kwamba uchungu ni uchungu, Wazungu wameupata kwenye ua na sisi tumeupata kwenye gome. Nikaagiza mizizi kwa mkulima mmoja wa kaskazini. Ilifika imefungwa kwenye maranda mabichi ya mbao, vipande vyembamba kama tangawizi iliyokonda, na maelezo kwamba lazima ilale kwenye baridi majira yote ya baridi, bila hivyo haichipui vizuri. Sasa baridi ya kulaza mmea nitaitoa wapi? Jokofu langu lilikuwa dogo na mlango wake haukufunga. La jirani lilikuwa kubwa kama kabati la nguo, kwa ajili ya ile biashara yake.

Nikamshushia mfuko. Nikamwonyesha kwa kidole. "Iweke hapa chini penye mboga. Usije ukaitia kule kwenye barafu na samaki wako. Ikiganda, imekufa."

"Kitu gani hiki?"

Sikumficha. "Mizizi ya kutilia pombe," nikasema, nikacheka. Ya mama sikuitaja. Wakati ule neno mama lilikuwa haliwezi kutoka mdomoni mwangu bila machozi kulifuata, na mimi sipendi kulia mbele ya sufuria za watu.

Akautazama ule mfuko, akausukuma ndani nyuma ya kabichi. "Haya. Mti hauna dhambi."

Januari nikaichukua, nikaipanda kwenye ndoo kubwa juu ya paa. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kikantoni, ana bustani yake huko juu: vitunguu vya majani, mchicha, na madodoki yanayotambaa kwenye kamba. Akanipa kona. Nikamwagilia, nikangoja. Februari hakuna kitu. Machi kuta zikatoka jasho, na kwenye ndoo bado hakuna kitu. Nikafukua. Mizizi ilikuwa myeusi na laini kama ndizi iliyooza, ukiishika inabaki vidoleni.

Nilimlaumu mkulima wa kaskazini. Nilimwandikia maneno ambayo natumaini simu iliyapunguza makali ilipoyatafsiri. Yeye akanijibu kwa picha ya ua waridi. Nililaumu unyevu. Nilimlaumu bibi mwenye nyumba kwa kumwagilia mno, naye maskini hakuwahi kugusa ndoo yangu. Mei ikafika, mwaka wa mama, na mimi sina cha uchungu. Kwa ukaidi wangu nikapika hivyohivyo. Bibi mwenye nyumba akanishauri nitie karela, lile tango chungu wanalolipenda sana hapa, nami nikatia. Nilipoifungua ndoo nikamwita Mkongomani wa mlango wa pili, mtu wa Bukavu anayejua bia kuliko anavyojua sala, aionje.

Alionja, akafikiri, akaweka kikombe chini taratibu. "Mama, hii iko potage," akasema, yaani supu kwa Kifaransa chake. "Bière haiko."

Nikaimwaga yote kwenye mfereji wa maji ya mvua. Sikumwaga kata ya kwanza chini kwa heshima. Nilimwaga ndoo nzima kwa hasira, kisha nikakaa kwenye ukingo wa bustani ya vitunguu nikalia kwa sauti. Jirani akanisikia akapanda. Akanifuta uso kwa pembe ya kanga yake. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba pombe ile ilikuwa ya mama, ya mwaka wake, na kwamba mzazi wangu nimeshindwa kumzika na sasa nimeshindwa hata kumkumbuka. Alinishika mkono akanishusha kwake akanipakulia wali, na nakumbuka niliona ajabu kwamba yeye mwenyewe hakula.

Mimi si mtu wa kukata tamaa, na wanaonipenda husema hilo ni tatizo. Niliagiza tena kwa mkulima yuleyule, kwa aibu. Alinitumia mizizi na picha nyingine ya waridi. Safari hii nilitengeneza mlango wa jokofu langu, nikahamisha nyanya na maziwa, nikailaza humo mwenyewe. Januari ya mwaka huu nikapanda, nikatundika taa juu ya ndoo ili mmea udhani mchana ni mrefu kama wa kwao. Mmea ukaamini. Ulipopata kamba za madodoki ulipanda kwa pupa, asubuhi unaukuta umepita ulipouacha jana, nikawa kila nikitoka Zhongda napanda paani kabla sijavua viatu. Bibi mwenye nyumba alikuja kuuliza kama unaliwa. Nilipomwambia ni wa bia, alicheka mpaka akakohoa, akausogeza mchicha wake upate nafasi. Aprili nikazima taa, mmea udhani siku zimefupika na wakati wa maua umefika. Maua yakaanza kutoka, kwanza kama vijiba vyenye nywele, halafu yakajaa, mengi, yananing'inia.

Sasa, mimi nimekulia kwenye kahawa. Kwetu mtoto akichuma kahawa mbichi anachapwa. Unangoja iwe nyekundu, kila punje kwa wakati wake. Nilikuwa nimesoma jinsi hopsi inavyochumwa, lakini mkono haujui kusoma. Nilipita kila siku nikitazama yale maua ya kijani, nikijiambia bado, yangoje yageuke rangi kidogo. Mwaka wa pili wa mama ulikuwa unakaribia na moyo wangu ulikuwa umetulia.

Hapo ndipo jirani alipokuja kuniaga. Ilikuwa alasiri. Alikuja na sahani ya visheti, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa kama kawaida yake, lakini hakuvua mtandio. Nilijua habari ya safari, sote jengo zima tulijua. Yeye na mumewe walikuwa wameingoja miaka.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema.

Nikacheka. "Ya nini? Ya kunizidishia chumvi kwenye mchuzi?"

"Ile mizizi yako ya mwanzo. Niliiua mie."

Nilidhani ananitania. Akaendelea kusema akitazama sahani. Baridi ile ndipo safari yao ilipopata uhakika, naye akawa anasikiliza mawaidha kwenye simu akiwa jikoni. Akasikia kwamba katika jambo la pombe hasimami peke yake anayekunywa. Yumo anayeipika, anayeibeba, anayeiuza, wote wana sehemu yao. Akawa kila akifungua jokofu kutoa kabichi ya wateja, ule mfuko unamtazama. Akakosa raha na chakula chake mwenyewe. Basi siku moja akautoa penye mboga akautia kwenye barafu, na samaki. Ulipoganda akaurudisha mahali pake.

"Kwa nini hukuniambia niuchukue?"

"N'likuogopa."

"Mimi?"

"Ulimi wako. Usinitazame hivyo, unajijua. Ningesema toa pombe yako kwangu, ungenisema mpaka China nzima isikie. Nikaona bora ife kimya kimya, utanunua mingine. Sikujua ya mama yako, wallahi. N'lipojua kule juu, siku ile unalia, nilitamani ardhi inimeze."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wachina niliwatukana, hali ya hewa niliitukana, na kumbe aliyeniua alikuwa ananipakulia wali. Kilichonichoma hasa ni ile kanga. "Ulinifuta machozi," nikamwambia, "kwa mkono uleule." Nikachukua sahani ya visheti nikamrudishia mapajani. Nikafungua mlango. Maneno niliyoyasema akishuka ngazi siyaandiki hapa, ila alikuwa amesema kweli: China ilisikia.

Alirudi kesho yake. Sikufungua. Alirudi tena, na tena, akiketi kwenye ngazi mbele ya mlango wangu na tasbihi mkononi, na mimi nikitoka na mafurushi yangu nampita kama napita nguzo. Mkongomani akaona aingilie kati. "Mama, umupardonner tu. Anaenda kwa Mungu." Nikamwambia kama ni rahisi hivyo amsamehe yeye. Siri ya hasira yangu ilikuwa kwamba nilimkosa. Jioni nilipika wali wangu mwenyewe na haukuwa na ladha. Lakini kila nikifikiria kufungua mlango nilimwona mama, na mfereji, na ule uji wa karela ukitiririka, na shingo ikakaza upya.

Siku zikawa zinamwishia. Asubuhi moja nikamkuta tena pale ngazini, uso umemnyauka, na mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya kichwa.

"Unataka radhi yangu?"

"Ndiyo."

"Uliua mizizi. Panda juu ukanichumie maua."

Nilijua vizuri nilichokisema. Kama kuulaza tu ule mzizi penye kabichi kulimkosesha raha, kuchuma maua ya pombe kwa mikono yake, siku chache kabla ya kwenda Makka, ilikuwa nini? Nilitaka akatae. Akikataa, tutakuwa tumelingana; mimi nimenyimwa na yeye amenyimwa, na kila mtu abaki na lake.

Alisimama. Akaweka tasbihi kwenye mkoba, akajifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi. Mimi nikabaki nyuma nikitazama visigino vyake.

Kule juu alizunguka mmea mara moja, akashika ua, akalibinya. Likarudi kama lilivyokuwa, likilia kama karatasi. Akalipasua kwa ukucha, ndani ungaunga wa njano, na harufu ya maganda ya ndimu na majani yaliyofikichwa ikatufikia sote wawili.

"Tayari hizi. Ulikuwa unangoja nini?"

"Zigeuke rangi."

"Nyie wa kahawa!" akasema, na kwa nukta moja alikuwa jirani yangu wa zamani. "Karafuu ikifunguka imekwisha, haina thamani tena. Tazama hizi za chini, zinaanza kukauka ncha. Ungezikosa."

Akavuta stuli ya bibi mwenye nyumba, akapanda, akaanza. Sijawahi kuona mtu akichuma vile. Kwao watoto huifahamu karafuu kabla ya kufahamu herufi; mchana wanachuma, jioni nyumba nzima inakaa kuchambua, ua huku, makonyo kule. Mikono yake miwili ilifanya kazi mbalimbali, mmoja unainamisha shina, mwingine unakata kikonyo kwa kidole gumba, na maua yanadondoka kwenye pindo la kanga bila hata moja kuvunjika. Shina lilimkwaruza mpaka kwenye kiwiko. Na kila ua alilochuma, alinong'ona kitu. Nikasogea nisikie. Alikuwa anasema astaghfirullah. Ua moja, astaghfirullah. Lingine, astaghfirullah.

Nilikuwa nimeomba kitu nisichokitaka, na nikakipata.

"Basi," nikamwambia. "Teremka. Nimekusamehe."

"Hujasamehe. Umeona haya tu." Hakugeuka. "Wacha nimalize."

"Unajitia dhambini kwa sababu yangu! Teremka, bwana!"

Hapo akasimamisha mikono, akanitazama kutoka juu ya stuli, jasho linamtiririka kwenye mtandio. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyonieleza kiasi cha ndimu ya kutia kwenye mchuzi. "Sikiliza, shoga. Dhambi ya Mungu nitamwomba Mungu. Nakwenda nyumbani kwake, atanisikia. Haki yako wewe nitakwenda kuiomba kwa nani? Mungu mwenyewe hanisamehe hiyo mpaka wewe useme. Huko niende na deni lako, nizunguke ile nyumba na mama yako yuko mabegani mwangu? Wacha nichume."

Akaendelea. Nilikwenda upande wa pili wa kamba nikaanza kuchuma na mimi, vibaya, nikivunja maua na kuchuma na majani, naye akapitisha mkono kati ya matawi akanionyesha mahali pa kuweka ukucha. Tukachuma hivyo, tukitazamana kupitia majani, mpaka mmea ukabaki mtupu na beseni likajaa. Bibi mwenye nyumba alipanda, akatuona, akasema neno la Kikantoni lililofanana na pongezi, akachukua dodoki lake akashuka.

Tukanawa bombani. Ule unga wa njano ni mafuta matupu, hautoki kwa maji, na uchungu wake unakaa vidoleni. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga wa ndoo, akanusa mikono yake akakunja uso. Nilifikiria mikono ile ikivaa ihramu. Ndipo jambo likavunjika ndani yangu, na safari hii halikuwa hasira. Nilimpenda sana mwanamke yule, nikamwonea huruma mama yangu, nikajionea huruma na mimi, vyote kwa pamoja, pale kwenye bomba.

"Nimekusamehe," nikasema. "Ya mizizi, ya mwaka wa mama, yote. Duniani na mbele ya Mungu. Nenda salama."

Alifumba macho, akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Nikamshika mikono yote miwili, michungu vile ilivyokuwa.

"Na mimi sasa nipe yangu," nikamwambia. "Kwa kukuleta huku juu."

"Yako n'lishatoa," akasema. "N'liitoa ngazini, wakati n'napanda."